Ushauri wa haraka: breki iligoma nikishuka Lushoto, nifunge boosta ya mtumba au mpya?

Sungura Mjini (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada maana hata kula sijala. Nilikuwa nateremka kutoka Lushoto kuja Mombo na Premio ya kuwasha kwa kitufe, automatiki, gari safi, dashibodi haina taa hata moja ya ajabu. Soni nimepita vizuri. Mbele kidogo, kwenye zile kona za korongoni, nakanyaga breki, pedali imegoma. Haishuki! Nakanyaga kwa miguu miwili, gari inapungua kwa mbinde, na usukani nao umekuwa mzito. Nilisimama kwa kuliegemeza kwenye ngema upande wa mlimani, bampa limekwaruzika tu. Mungu mkubwa.

Fundi wangu ameshasema ni boosta, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu kwenye breki. Swali langu ni moja: nifunge ya mtumba au nitafute mpya? Jumamosi nawapeleka wazee kulekule juu, tunapeleka posa, na siwezi kuahirisha. Nawasilisha.

Dereva wa Tandam
Pole sana dogo. Ile barabara naijua, nimeshusha sana kabichi na viazi pale. Ila hujaona mteremko wa Kitonga kule Iringa wewe. Kanuni ya wazee ni moja, gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Nilikuwa na utingo mmoja, kijana mwenye maneno mengi, siku hiyo nimempa usukani tukiwa na mzigo kamili kutoka Mbeya. Akaingia kileleni na gia kubwa, akaanza kudonoa breki: gusa, achia, gusa, achia. Mimi macho kwenye geji ya upepo wa breki, mshale unashuka tu, maana kompresa haiwahi kujaza anachomwaga yeye. Nikamwambia kanyaga mara moja, shikilia, piga gia ndogo, washa eksozi breki. Akatii. Upepo ungeisha, springi za breki zingebana zenyewe, na lori lililobanwa ghafla konani sina haja ya kukusimulia linafanya nini. Utingo yule leo anauza simu Makambako.

Wa Gerezani
Boosta za Premio zipo, zimetoka Japani, hazijaguswa. Njoo PM tuongee bei.

Bi Chausiku
Mwanangu, posa ni heri. Ila unampelekea binti wa watu posa na gari lisilo na breki? Pandeni basi. Wazee wenyewe watashukuru, basi lina nafasi ya kunyoosha miguu.

Sungura Mjini
Bi Chausiku shikamoo. Basi haiwezekani, tumeshasema tunakwenda na gari. Na advansi ya boosta nimeshampa fundi, kwa hiyo naomba tujikite kwenye swali.

Fundi Kabureta
Umeshalipa halafu unaomba ushauri? Haya. Nijibu moja kwanza: pedali ilipogoma, injini ilikuwa inaunguruma?

Sungura Mjini
Swali gani hilo mkuu. Gari ilikuwa barabarani inatembea.

Fundi Kabureta
Kutembea hata mkokoteni unatembea. Hujajibu. Boosta haina undugu na usukani. Boosta inakula vakumu, yaani mfyonzo wa hewa wa injini, usukani wa hilo gari unasaidiwa na mota ya umeme. Vyote viwili vikifa dakika moja, mwizi ni mmoja. Injini ilikuwa inawaka au haiwaki?

Pacha wa Kulia
Kimya kimeingia 😂

Sungura Mjini
Sawa, nilizima. Ila nisikilizeni kabla hamjaanza. Taa ya mafuta ilikuwa imewaka tangu Lushoto mjini, na kutoka Soni mpaka Mombo ni mteremko mtupu, sasa mafuta unachoma ya nini? Mjomba wangu alikuwa anazima miaka yote na pikapu yake na hakuwahi kugonga hata kuku. Nikaweka frii, nikazima. Kona za kwanza breki ilikamata vizuri kabisa. Ndiyo maana nasema boosta ina tatizo, ingekuwa ni kuzima ingegoma palepale.

Dereva wa Tandam
Lahaula.

Fundi Kabureta
Umejieleza mwenyewe bila kujua. Boosta ina valvu ya njia moja, injini ikizimwa vakumu kidogo inabaki ndani. Hiyo inakupa kukanyaga mara mbili tatu. Ndizo kona zako za kwanza zilizokamata. Baada ya hapo unasukuma breki kwa nguvu za paja lako tupu. Kila ulipogusa na kuachia ulikuwa unamwaga akiba. Na ABS, ile inayozuia matairi yasifunge ukikanyaga breki, nayo ilikuwa imelala, kwa sababu kitufe kikizima injini ukiwa nje ya P, gari linabaki kwenye umeme wa redio tu. Ungeteleza kwenye mchanga pale usingesikia ule mtetemo mguuni.

Halafu hayo mafuta unayookoa. Gari la EFI, yaani lenye kompyuta inayopima mafuta, likiwa kwenye gia, ukatoa mguu kwenye mafuta kwenye mteremko, kompyuta inakata mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanazungusha injini. Ukiweka frii ndipo inapoanza kumwaga mafuta ili isizime. Kwa hiyo injini ikiwaka, frii inakula kuliko D. Tumia herufi au namba zilizo chini ya D, gari jingine lina 3, 2 na L, jingine S na B. Injini italia kwa sauti, iache ilie.

Bi Chausiku
Hapo kwenye vitufe mimi nina langu. Gari langu lina kile chenye picha ya kigari kinachoteleza. Masika nilikwama kiwanjani kwangu Chanika, nakanyaga mafuta injini inakohoa tu, haiongezi. Nikajua limekufa. Kijana mmoja wa bodaboda akaja, akabofya kile kitufe mara moja, akaniambia mama kanyaga taratibu. Likatoka! Kumbe kompyuta ilikuwa inaona tairi linazunguka bure kwenye tope, inakata nguvu. Aliniambia nikifika lami nikiwashe tena. Nimekaa nacho kimezimwa mpaka mwanangu alipoiona taa kwenye dashibodi akanigombeza. Watoto wa siku hizi.

Mnusa Chai
Ngojeni kwanza. Mnamshauri mtu na hadithi yenyewe haisimami. Gari la kitufe halizimiki likiwa linatembea. Bofya uone, kompyuta inakupuuza. Huyu hajawahi kushika usukani, ameokota hadithi ya mjomba akaivalisha Premio. CHAI. Tena haina hata sukari.

Pacha wa Kulia
Nimeenda kwenye nyuzi zake za zamani. Mwezi uliopita mleta uzi alikuwa anauliza nauli ya basi Dar–Tanga. Mwenye Premio anauliza nauli?

Mnusa Chai
Nilijua. Mods fungeni uzi.

Wa Gerezani
Chai au si chai, boosta zipo.

Sungura Mjini
Nyie watu mna roho mbaya. Nilibofya mara tatu harakaharaka, nilionyeshwa na jamaa mmoja. Nimewaambia nimekwaruza bampa, nipige na picha? Na kuhusu nauli, gari ni la shemeji yangu, mume wa dada. Yuko safarini Oman, amenipa nilipashe moto lisiue betri. Haihusiani na breki hiyo.

Bi Chausiku
Inahusiana sana! Shemeji anajua kama gari lake limefika Lushoto?

Dereva wa Tandam
"Nilipashe moto." Kulipasha moto mpaka Usambara 😂😂 Dogo una kesi mbili sasa.

Fundi Kabureta
Mnusa, kwenye kitufe umekosea. Kubofya mara moja ndiyo hakuzimi. Kitabu cha Toyota kinaeleza: shikilia sekunde 2 au zaidi, au bofya haraka mara 3 au zaidi, injini inazima hata ukiwa kwenye mwendo. Imewekwa kwa dharura, pedali ya mafuta ikinasa, kwa mfano chini ya kapeti. Mwaka 2009 Toyota waliita magari milioni 3.8 kule Marekani kwa ajili ya hizo hizo kapeti za sakafuni. Kwa hiyo kila mwenye gari la kitufe akijue, na kapeti ya dereva aifunge kwenye vishikizo vyake, asitandike mbili moja juu ya nyingine. Sungura amechukua mlango wa dharura akaufanya mlango wa jikoni.

Na likikuzimikia lenyewe barabarani: weka N, bofya kitufe, linawaka likiwa linatembea. Breki kanyaga mara moja kwa nguvu zote na usiachie. Handbreki kama ni ya mkono vuta kidogokidogo, kidole kikiwa kwenye kibonyezo chake, maana ukiivuta yote kwa mpigo matairi ya nyuma yanafunga na gari linageuka.

Mnusa Chai
Sawa, kitufe nimekubali. Bado nasubiri picha ya bampa.

Fundi Kabureta
Sungura, nenda kwenye gari sasa hivi. Injini ikiwa imezimwa, likiwa P, donoa breki mpaka pedali iwe ngumu. Usitoe mguu. Washa injini ukiwa umekanyaga. Niambie pedali inafanya nini.

Sungura Mjini
Nimerudi. Ilikuwa ngumu, nilipowasha ikazama kidogo chini ya mguu yenyewe.

Fundi Kabureta
Boosta yako nzima. Ingekuwa mbovu isingezama. Fundi wako alijaribu hivyo kabla ya kuchukua pesa?

Sungura Mjini
Alifungua boneti akaisikiliza. Ila ni fundi mzoefu jamani, na ameshasema kesho anafungua. Kubadilisha si kunaongeza usalama tu? Hakuna hasara.

Fundi Kabureta
Hasara ipo. Unatoa boosta nzima ya gari la mtu, unaweka ya mtumba usiyojua imekaa wapi. Uliposimama pale ngemani, ulisikia harufu?

Sungura Mjini
Ya kuungua, ndiyo. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linatoa moshi kidogo. Nilidhani ni majani ya pale pembeni.

Dereva wa Tandam
Majani!

Fundi Kabureta
Hapo ndipo pa kupeleka pesa. Fungua magurudumu ya mbele, angalia pedi kama zimeungua zikang'aa kama kioo, na diski kama zimebadilika rangi. Mafuta ya breki yamwagwe yote, yawekwe mapya. Mafuta ya breki yanakunywa unyevu wa hewani. DOT 3 ikiwa mpya kabisa inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishakunywa maji kiwango kinashuka mpaka 140. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea. Safari hii pedali iligoma juu. Siku hiyo itazama mpaka sakafuni na hakuna kitakachokamata, injini ikiwa inaunguruma vilevile. Umetoka kupika breki juzi, halafu Jumamosi unapakia wazee wanne na mizigo.

Bi Chausiku
Na umpigie shemeji yako.

Sungura Mjini
Shemeji nitamwambia akirudi, bampa litakuwa limeshapigwa rangi. Kuhusu fundi nimempigia sasa hivi. Advansi anasema harudishi, lakini atanikata kwenye pedi na mafuta ya breki.

Fundi Kabureta
Kubali. Ila simama hapohapo uone pedi zinatoka kwenye boksi na kopo la mafuta linafunguliwa mbele yako, na zile za zamani aziache kwenye buti.