Mrejesho: Taarifa ya mtiririko wa fedha imekubali

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini taarifa yangu ya mtiririko wa fedha (inayoonyesha fedha zilizoingia na kutoka) inagoma kulingana na salio la benki, ilhali mizania, yaani orodha ya mali na madeni, imebalansi. Aliyesema nikague mauzo ya mashine alilenga penyewe. Mashine ilikuwa vitabuni kwa 6,000, ikauzwa 7,500 taslimu. Ile 1,500 ya faida inaondolewa kwenye faida ya mwaka, upande wa shughuli za uendeshaji, kisha 7,500 yote inaingia upande wa uwekezaji wa taarifa hiyo hiyo. Ukiiacha hiyo 1,500 ndani ya faida, inahesabiwa mara mbili, na ndiyo tofauti iliyokuwa inanitoa jasho. Marekebisho ya uchakavu wa mali na ya wadaiwa (wateja ambao hawajalipa) yalikuwa sawa. (Hii ni njia isiyo ya moja kwa moja, inayoanza na faida. Ile ya moja kwa moja, inayoorodhesha fedha zilizopokelewa na kulipwa, siigusi kwanza; IAS 7, kanuni ya kimataifa ya uhasibu kuhusu taarifa hii, inaruhusu zote mbili.) Sasa nahamia kwenye mkopo ndani ya taarifa hiyo.