BFD Ujerumani kwenye nyumba ya wazee: nawezaje kuchanganya zamu na masomo ya Kijerumani?

Chipukizi_A2
Habari zenu wakuu. Nimeanza kujitolea kwenye nyumba ya wazee kupitia BFD (Bundesfreiwilligendienst, mpango wa serikali ya Ujerumani wa kujitolea), mkataba wa miezi 12. Nina miaka 23, Kijerumani changu ni A2 iliyopauka (ngazi za lugha ni A1, A2, B1, B2 na kuendelea), na lengo ni B2 ili niombe Ausbildung (mafunzo ya kazi) ya uuguzi. Zamu zinabadilika kila wiki, asubuhi au mchana. Viza niliyoingia nayo inaisha baada ya miezi mitatu. Nianze na makaratasi yapi, kozi niipange vipi, na nifanyeje kwenye makabidhiano ya zamu? Wanaongea haraka, siambulii kitu.

Mzee_wa_Stempu
Karibu mdogo wangu. Makaratasi kwanza, maana kila moja linamsubiri mwenzake.

Usajili wa anwani (Anmeldung) unatakiwa ufanyike ndani ya wiki mbili tangu kuhamia. Nenda na pasipoti pamoja na Wohnungsgeberbestätigung, ile karatasi anayosaini mwenye nyumba. Mkataba wa kupanga hauchukui nafasi yake. Kama chumba umepewa na kituo, basi ofisi ya kituo ndiyo isaini. Ukishasajiliwa, namba ya mlipakodi inakuja yenyewe kwa posta, na hapo ndipo wengi wanapokwama: jina lako lisipokuwa kwenye sanduku la barua, tarishi anairudisha barua na wewe huna habari. Bandika jina siku ileile unayohamia, hata kwa karatasi na selotepu, liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Kadi ya bima, namba ya siri ya benki, barua za uhamiaji, vyote vinapita hapo.

Bima ya afya: unajiunga na Krankenkasse (mfuko wa bima ya afya) ya umma, na michango yote hulipwa na upande wa kituo, fungu lako na lao. Ukiona posho (Taschengeld) imekatwa bima, uliza. Makato ya chumba au chakula ni habari nyingine, hayo soma kwenye mkataba.

Viza: omba miadi ya Ausländerbehörde (ofisi ya wageni) wiki hii. La msingi ni ombi la kibali cha ukaaji liwafikie kabla viza haijaisha. Hapo hata wakichelewa, ukaaji wako unaendelea kuwa halali na unaweza kuomba Fiktionsbescheinigung kama uthibitisho. Likifika siku moja baadaye, umejitafutia kesi. Miadi ikikosekana, tuma ombi kwa maandishi na utunze ushahidi wa tarehe. Na usihame kituo kabla ya kuongea nao, kibali kimefungwa kwenye kazi hiyo.

Dada_Zamu
Mkuu hapo juu kamaliza. Nije kwenye kozi.

Kinachoua kozi ni ratiba ya zamu (Dienstplan), ada inafuata. Madarasa ya jioni ya Volkshochschule (chuo cha umma cha elimu ya watu wazima) kwa kawaida huanza mnamo saa 12 jioni, na zamu ya mchana ndiyo kwanza iko katikati. Ukiacha zamu zipokezane wiki kwa wiki, unahudhuria nusu ya vipindi, na aliyekosa somo la sentensi tegemezi haelewi linalofuata. Wengi huacha mwezi wa pili kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo omba kabla ratiba ya mwezi ujao haijatoka. Usimwambie anayepanga zamu "naomba muda wa kusoma", hilo halimsaidii. Mpelekee uthibitisho wa kozi wenye siku, saa na tarehe ya mwisho, useme: Jumanne na Alhamisi naomba zamu ya asubuhi. Mpe na kitu mkononi, mfano wikiendi ambazo wenzako hawazitaki. Usipitilize lakini. Kisheria mtu wa BFD ni nguvu ya ziada, hapaswi kuziba nafasi ya mwajiriwa. Ukijikuta unabaki peke yako na wodi nzima, au unaambiwa ugawe dawa, mpigie mratibu wako.

Muhula wa Volkshochschule huanza mara mbili kwa mwaka, baada ya likizo ya kiangazi na tena mnamo Februari au Machi. Fanya jaribio la kupima kiwango kwanza. A2 iliyopauka ukiipeleka moja kwa moja B1 utachoka bure. Kadi ya BFD ionyeshe, uulize punguzo.

Kwa walio chini ya miaka 27 kuna siku 25 za semina kwa mwaka mzima, nazo zinahesabiwa kama kazi. Chukua tarehe zake mapema, kwa sababu zitagongana na darasa.

Kalamu_Mfukoni
Makabidhiano yana mpangilio, na ukiujua unaacha kuzama. Kwa kila mkazi watagusa usingizi, kula na kunywa, choo, maumivu, kisha jambo lisilo la kawaida. Kaa na orodha ya vyumba mkononi, ukitega maneno machache: gestürzt (kaanguka), verweigert (kakataa), getrunken (kanywa), Stuhlgang (choo kikubwa). Baada ya hapo muulize mmoja swali moja tu: chumba gani leo niwe makini nacho?

Namba ndizo hatari. Mjerumani anataja mamoja kabla ya makumi, kwa hiyo vierunddreißig inaanza na nne lakini ni 34. Ukiandika kadiri unavyosikia, unapata 43 na unampelekea chakula mtu mwingine. Subiri namba iishe ndipo uandike. Kwenye fomu ya unywaji maji andika mililita alizokunywa kweli, siyo ujazo wa glasi: ya 200 iliyobaki nusu ni 100, halafu weka saini yako fupi.

Saa nazo zinatutega sisi mara mbili. Halb acht ni 7:30, yaani saa moja na nusu yetu. Ukisikia acht ukaandika "saa nane", umeharibu siku. Andika kwa tarakimu za saa 24.

Na mzee mwite Frau (Bibi) au Herr (Bwana) na jina la ukoo, kwa Sie, yaani "wewe" ya heshima. Kumwita Oma (bibi mzaa mama au baba), ukidhani ni heshima kama bibi kwetu, huko ni kumshusha.

Chipukizi_A2
Asanteni sana. Mtihani wa B2 lazima niufanye wote kwa siku moja?

Dada_Zamu
Ule wa Goethe (taasisi ya lugha ya Kijerumani) una moduli nne, yaani kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea, na unaweza kufanya moja moja. Kila moja inataka pointi 60 kati ya 100, na ukianguka unarudia hiyo tu. Kusikiliza na kuongea vitakomaa kazini. Kuandika hakutakomaa, kwa sababu kumbukumbu za wodi ni vipande vya "gut geschlafen, wenig getrunken" (kalala vizuri, kanywa kidogo), wakati mtihani unataka maoni ya maneno kama 150 na ujumbe rasmi wa kama 100, ndani ya dakika 75. Anza mazoezi ya kuandika ukiwa bado B1, moja kwa wiki, na umpe mwalimu asahihishe.