Mjadala: Je, akili mnemba iachiwe kuchuja waombaji kazi na kuandika barua za nidhamu?

Mleta mada

Ndugu zangu, nimefanya kazi ya rasilimali watu Dar es Salaam kwa miaka kumi na tatu, na ninaileta mada hii nikiwa tayari na upande wangu.

Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayotunga maandishi, ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, kazi ya ofisi zetu imebadilika kimyakimya. Matangazo ya kazi, maswali ya usaili, sera za likizo, hata salamu za rambirambi kwa mfanyakazi aliyefiwa, vyote hutungwa na mashine kwa dakika chache, na afisa hubaki kubadili jina na tarehe. Kwa matangazo na sera sina ugomvi, kwa sababu kazi iliyokuwa ikinila siku nzima sasa inaisha kabla ya chai ya saa nne. (Rambirambi bado naziandika mwenyewe, lakini huo ni ukaidi wangu tu.)

Ugomvi wangu unaanzia kwenye barua ya kumtaka mfanyakazi ajieleze. Katika kampuni ambayo sitaitaja, dereva alituhumiwa kuchelewesha mzigo. Msimamizi wake aliiagiza mashine iandike barua, ikatoka ya kurasa mbili, imejaa "ukiukwaji mkubwa wa uaminifu" na tuhuma nyingine ambazo hakuna aliyewahi kuzitamka. Dereva naye akampa mpwa wake simu aiagize mashine imjibie, na majibu yakatoka ya kurasa tatu. Kwenye kikao cha nidhamu mwenyekiti alimsomea sentensi mojawapo ya majibu hayo, akamwuliza alimaanisha nini. Yule mzee aliitazama karatasi kwa muda, kisha akasema: "Mheshimiwa, mimi fenibelti ilikatika pale Chalinze." Jambo hilo, ambalo ndilo lililotuweka kikaoni, halikuwamo katika ukurasa wowote kati ya zile tano.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri athibitishe kwamba sababu ya kumwachisha mtu kazi ilikuwa halali na ya haki, na kwamba utaratibu ulifuatwa. Mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, atakayeulizwa ni afisa aliyetia sahihi. Ndiyo maana nasema mashine ifanye kazi ya karani, isiguse mahali ambapo afisa anatakiwa kuwa na sababu yake mwenyewe, iwe ni kumwadhibu mtu au kumkataa.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, kwenye nidhamu nakuunga mkono, ila kwenye ajira umezungumza kana kwamba tulikotoka palikuwa pazuri. Nafasi mbili za karani huleta mamia ya maombi. Kabla ya mashine tulisoma bahasha za juu hadi macho yakachoka, na zilizobaki zikaenda stoo bila kufunguliwa. Kilichoamua mara nyingi kilikuwa kimemo kutoka kwa mkubwa fulani: "huyu ni kijana wetu, muangalieni." Mashine haina shemeji. Inasoma ombi la mwisho kwa makini yale yale iliyosomea la kwanza, na mtoto wa mkulima wa Namtumbo ana nafasi kubwa zaidi mbele yake kuliko alivyokuwa mbele yetu.

Mchangiaji wa pili

Haina shemeji, lakini ina walimu, nao ni sisi wenyewe. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon iliiacha programu yake ya kupima waombaji baada ya kugundua kuwa inawashusha wanawake. Ilikuwa imejifunza kutokana na wasifu uliopokelewa kwa miaka kumi, mwingi wake wa wanaume, ikahitimisha kwamba mwanamume ndiye mfanyakazi bora. Ile haikuwa ya aina hii inayotunga maandishi, lakini hizi za leo nazo zimelelewa na maandishi ya watu, na mengi yake si ya Kiswahili.

Niliona matokeo yake kwa macho yangu. Tangazo letu, lililoandikwa kwa Kiingereza, lilitaja cheo kirefu cha kisasa. Mwombaji mwenye uzoefu wa miaka minane aliandika kwa ufupi tu, "stoo kipa", na mashine ikamweka mkiani, chini ya vijana waliotungiwa wasifu na mashine ya aina ile ile. Tulimpata kwa sababu mhudumu wa ofisi alimfahamu. Yaani kimemo ndicho kilichomwokoa, jambo ambalo mchangiaji aliyenitangulia hatalipenda.

Mchangiaji wa tatu

Mnasahau faragha. Maafisa wanabandika mafaili mazima ya wafanyakazi, pamoja na namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) na vyeti vya daktari, kwenye programu ambazo seva zake ziko nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inadhibiti usafirishaji huo, na inampa mtu haki ya kupinga uamuzi mzito juu yake uliofanywa na mashine peke yake. Kenya inayo haki kama hiyo katika kifungu cha 35 cha sheria yake ya 2019. Tatizo ni kwamba mwombaji hajui kuwa amechujwa na mashine, hivyo hana cha kupinga.

Mleta mada

Hoja ya vimemo naikubali, na inaniuma kwa sababu nami nimevipokea. Basi nalegeza: mashine ipange maombi, lakini tangazo liseme wazi kwamba inatumika, na afisa asome kwa macho yake sehemu ya waliokataliwa, akianza na walioandika kwa Kiswahili. Namwomba mchangiaji wa kwanza anijibu moja tu: yule stoo kipa angekupigia simu kuuliza kwa nini hakuitwa, ungemweleza nini?