Bafu linanuka chemba joto hili, shida nini?

Wakuu, nipo Tabata, tangu Januari joto lipande bafu la wageni linanuka kama chemba iko wazi, na sinki la jikoni maji yanashuka kwa kusuasua. Fundi anataka tuvunje tailizi, nimegoma.

Fundi bomba mstaafu: Usivunje! Bafu halitumiki, yale maji yanayokaa kwenye kona ya bomba ndo huzuia harufu, sasa yamekauka. Mwaga ndoo moja.

Mama Wawili: Sinki ni mafuta ya chipsi hayo 😂 ila mna mti karibu? Kwangu mwarobaini ulifuata maji kiangazi, mizizi ikaingia kwenye jointi, tukavuta kitu kama wigi.

Muuliza swali: Dah, nimemwaga, harufu imekata! Mwarobaini upo, hatua mbili tu toka chemba...