Ukoo wa Kemondo: safari ya Efeso

*Ijumaa*

[07:12] Editha: Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Nakumbusha mara ya TATU. Wakala anatushikia vyumba vitano melini hadi Jumapili usiku. Siku 7: tunapandia Piraeus, bandari ya Athene, kisha Patmo, Kuşadası ya Uturuki (hapo ndipo pa kushukia kwenda Efeso), Rodo, Santorini, tunarudi Piraeus. Ni mwisho wa Oktoba. Kiangazi jua likizidi Akropoli hufungwa mchana, na siwezi kumweka Mama Mkubwa kwenye joto lile.

[07:13] Editha: Nahitaji picha ya pasi ya kila mtu. Nimepata moja tu, ya Eriki.

[07:40] Neema: 🙏

[08:55] Deo: Tutarudi kabla ya msimu wa kukamata senene?

[08:56] Eriki: 😂😂 Huyu ataingia melini na ndoo

[08:58] Deo: Nahodha akionja tu, meli inageuzwa kuja Bukoba

[09:20] Editha: Jamani pasi. Na sikilizeni la viza. Meli inatoka Ugiriki, inaingia Uturuki, inarudi Ugiriki. Viza ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki imo) ya kuingia mara moja haitoshi, ombeni ya mara nyingi. Uturuki haimo Schengen, ina utaratibu wake. Msije mkaniambia sikusema.

[10:31] Eriki: Dada, mbona Roma haimo? Mimi natamani Kolosai, pale walipokuwa wanapigana na simba

[10:33] Baba Mdogo Projestus: Eriki. Kolosai ni mji wa waraka wa Paulo. Uwanja wa Roma ni Koloseo, ulifunguliwa mwaka 80.

[10:34] Deo: Huyu kipaimara alipewa kwa huruma 😂

[10:41] Editha: Roma kwa meli utaionja tu. Meli inafunga Civitavecchia, treni kutoka hapo inakula kama saa nzima, kurudi vivyo hivyo. Ukichelewa meli haikungoji.

[11:02] Baba Mdogo Projestus: Na Warumi utawaona Efeso, mwanangu. Ilikuwa makao ya liwali wao wa jimbo la Asia. Theatre ile ya Matendo 19, ambako wafuasi wa Demetrio mfua fedha walipiga kelele saa mbili nzima, bado ipo, inakaa watu kama 25,000. Iko maktaba ya Selso, mmoja wa maliwali hao, na mwenyewe amezikwa chini yake. Ukuta wake wa mbele ulikuwa umeanguka, Waaustria wakausimamisha upya miaka ya 1970, jiwe juu ya jiwe. Ila mjue Efeso ilikuwa bandari. Mto ukaleta tope mwaka hadi mwaka, maji yakarudi nyuma, leo bahari iko kilomita kadhaa. Ndiyo maana meli inashusha watu Kuşadası na mnapanda basi. Bado kuna barabara ya marumaru inayotoka theatre kwenda bandarini, na bandari yenyewe haipo.

[11:04] Baba Mdogo Projestus: Pia vyoo vya marumaru, matundu yamepangwa safu, watu walikaa bega kwa bega wakizungumza.

[11:05] Deo: Kikundi cha kwanza cha ukoo 😂😂😂

[11:05] Eriki: 😂😂 nani alikuwa admini

[11:30] Editha: PASI.

[13:15] Shangazi Konsolata: Kabla ya meli, tuanze na hela ya Ngorongoro ya 2018. Laki tatu zangu. Mweka hazina yumo humu na anasoma.

[13:16] Deo: *Ujumbe huu umefutwa*

[13:20] Deo: Shangazi, basi lilikodiwa likaharibika. Mnajua lilikolala.

[13:21] Shangazi Konsolata: Najua lilikolala, na wewe ulikolala.

[13:38] Editha: Shangazi nakuomba, hilo tutalikalia kikao. Safari hii kila mtu analipa kwa wakala mwenyewe. Hakuna hela inayopita mkononi mwa mtu.

[13:39] Shangazi Konsolata: Kikao lini?

[20:47] Neema: Naandika maneno ya Bibi, yuko hapa pembeni yangu.

[20:52] Neema: "Hamjambo wanangu. Nimesomewa yote. Efeso nimeifundisha akina mama wa Jumatano miaka thelathini, na natamani kuikanyaga kabla sijafa. Lakini Mei 96 nilisimama gatini Kemondo nikaipungia MV Bukoba kanga, na kanga ile iko sandukuni hadi leo. Jahazi la Paulo nalo lilivunjika. Walikuwemo watu 276, wote wakafika nchi kavu. Wa kwetu hakufika. Msinilipie kitanda cha majini kabla sijasema."

[21:36] Baba Mdogo Projestus: Tumekusikia, Dada.

[21:50] Editha: Mama Mkubwa, nisamehe. Niliwaza ngazi na joto na magoti yako, hilo sikuliwaza. Unaweza kufika bila meli kabisa. Ndege hadi Izmir, gari hadi Selçuk, tunalala hapo. Efeso iko kama kilomita 3 tu kutoka mjini. Nitakushika mkono, marumaru zile zinateleza.

[21:52] Eriki: Mimi naenda anakoenda Bibi

[21:53] Shangazi Konsolata: Na mimi.

[21:55] Deo: Na vile vyumba vitano?

[21:58] Editha: Nitamwomba wakala aongeze siku. Sijui kama atakubali.

[22:10] Neema: Bibi anauliza, Patmo hakuna ndege?

[22:11] Editha: Hakuna. Patmo hakuna uwanja, ni kwa maji tu.

[22:19] Neema: Anasema pango alilooneshwa Yohana Ufunuo liko hapo.

[22:20] Editha: Ndiyo Mama Mkubwa. Liko hapo.

*Jumamosi*

[06:04] Neema: *Picha*

[06:05] Neema: Pasi ya Bibi. Amesema nitume. Amesema hajasema anakuja.

[06:31] Editha: Asante Mama Mkubwa. Neema, hii inaisha Desemba. Schengen wanataka ibaki miezi 3 baada ya kutoka kwao. Deo, Jumatatu uko Bukoba? Mpeleke uhamiaji.

[06:32] Editha: Deo?