Nyongo ya dubu inauzwa Arusha kama dawa ya mawe: je, ni halali?

Mkazi wa Sakina, Arusha
Habari zenu wanajukwaa. Mama yangu mzazi amepigwa picha ya ultrasaundi na kukutwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo. Kabla hatujarudi kwa daktari kuzungumzia upasuaji, jirani ametuletea mfanyabiashara mwenye kichupa cha unga wa kahawia, chenye picha ya dubu na maandishi ya Kichina, anayedai kuwa mawe yatayeyuka bila kisu. Anataka fedha taslimu na hatoi risiti. Je, dawa hii ina ukweli wowote, na kuinunua ni halali ilhali dubu si mnyama wetu?

Mfamasia, Moshi
Pole sana kwa kuuguliwa. Ukweli kidogo upo, na ndio unaowapa wauzaji nguvu ya kusema. Nyongo ya dubu ina asidi ya ursodeoksikoliki, ambayo hupunguza kolesteroli ndani ya nyongo na huweza kuyeyusha mawe madogo ya kolesteroli yasiyo na kalsiamu, kwa matumizi ya miezi mingi, iwapo mfuko wenyewe bado unafanya kazi. Hata hivyo mawe huweza kurudi baadaye. Lakini asidi hiyo hutengenezwa maabara tangu miaka ya 1950, na daktari huandika vidonge vyake kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mgonjwa, kwa hiyo hakuna dubu anayehitajika. Katika kile kichupa hamtajua mama amemeza miligramu ngapi, wala kama ni dubu kweli, maana nyongo ya nguruwe ikikaushwa hufanana nayo mno na udanganyifu huo ni wa siku nyingi.

Mdau wa uhifadhi, Njiro
Si halali. Tanzania ilijiunga na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, mwaka 1979, mwaka uleule ambao dubu mweusi wa Asia, mwenye alama kama mwezi mwandamo kifuani, aliingizwa katika orodha ya wanyama ambao biashara yao ya kimataifa imepigwa marufuku. China bado inaruhusu mashamba ya nyongo kwa soko lake la ndani, ambako dubu hufungiwa vizimbani na kutobolewa tumbo ili nyongo ikamuliwe akiwa hai, lakini bidhaa hiyo haipaswi kuvuka mpaka kibiashara. Korea Kusini imekwisha kupiga marufuku ufugaji huo kuanzia Januari 2026. Kwa hiyo unga huo ama ni magendo, ama ni wa bandia. Sioni njia ya tatu.

Mzee wa Majengo, Moshi
Mwanangu, nisingependa mjadala huu uishie kuwatukana waganga wetu, kwa sababu mtu anayetembea na kichupa bila risiti si mganga bali ni mchuuzi. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kwa sheria ya mwaka 2002, na waganga husajiliwa huko. Mwombe cheti chake uone atajibu nini.

Mfamasia, Moshi
Nakubaliana na mzee. Ndugu wa Sakina, mrudisheni mama kwa daktari na picha yake, mkaulize mawe ni ya aina gani na yana ukubwa gani. Akipata homa, macho yakiwa ya manjano, au maumivu makali chini ya mbavu za kulia yasiyotulia, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.