Mrejesho: Ile presha ya mama anayesomesha watoto nyumbani

Wapendwa, ahsanteni sana. Niliuliza mama anayesomesha wanawe nyumbani afanyeje akiona wenzake wana ratiba ya saa kwa saa, nyumba inang'aa na watoto wanajifunza Kilatini, huku yeye analala vyombo vikiwa kwenye sinki.

Dada mmoja alinishauri nisome kwanza sheria ya huku Texas. Nimeisoma. Inataka kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema, basi. Hakuna idadi ya saa wala mtihani wa jimbo, na Mahakama ya Juu ya Texas ilishazitambua shule za nyumbani tangu 1994. Hayo mengine yote tunabebeshana sisi kina mama, na inaniuma, maana wapo wanaoumia kimya kimya.

Sasa hesabu tunafanya asubuhi mezani, vikombe vya chai bado havijaondolewa. Binti yangu ameelewa sehemu kwa kukata chapati: nusu, robo, thumni. Kilatini nimekiacha. Tahajia ameichukua baba yao, jioni akitoka kazini. Mama mkwe bado anauliza cheti kitatoka wapi. Hilo tunaendelea kuzungumza naye.